Maswali ya Wasomaji: Kwaya Inapovuka Mpaka

Toleo lililopita tuligusia kwa ufupi kwaya za Afrika Mashariki zinazoalikwa nje ya nchi kusaidia makusanyiko mapya, na barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake yamo maswali ya wengi.

Je, tunakwenda kupanda kanisa au tunakwenda kutembea?

*Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu. Mimi ni katibu wa kwaya ya uinjilisti ya usharika mmoja mkoani Mbeya. Mwinjilisti aliyelelewa kwetu yuko wilayani Karonga, kaskazini mwa Malawi, huu ukiwa mwaka wa pili, akijaribu kuanzisha kusanyiko katika vijiji vya kando ya ziwa. Ametualika mwezi wa nane kwa siku 10 tufanye mkutano wa injili kwa njia ya uimbaji. Tuko waimbaji 38, vyombo tunavyo, na sare mpya zimeshashonwa. Wazee wa usharika wamegawanyika: wengine wanasema twende, wengine wanasema fedha ya basi apelekewe mwinjilisti anunue baiskeli na bati. Je, uimbaji unasaidia kweli kupanda kanisa?*

Ndugu Katibu, wazee wanaowapinga msiwahesabu kuwa wagumu wa moyo, kwa maana swali lao ndilo kila kwaya inalopaswa kujiuliza kabla ya kukodi basi. Uimbaji unasaidia, nami nitakueleza kwa nini ninaamini hivyo. Lakini unasaidia pale unapomtumikia mtu anayebaki, na ziara nyingi za kwaya huharibika kwa sababu mipango yake yote, kuanzia sare hadi ratiba, imewalenga wanaokwenda na kurudi.

Huko mnakokwenda kuna historia ambayo ingefaa isomwe mbele ya kwaya nzima siku ya mazoezi. Mwaka 1876 alifika Malawi kijana wa Kixhosa aitwaye William Koyi, aliyesoma Lovedale, Afrika Kusini, akiwa na wenzake watatu, kuitumikia misheni ya Livingstonia ambayo Waskoti walikuwa wameianzisha mwaka mmoja tu kabla. Baadaye alipelekwa kwa Wangoni wa chifu Mbelwa, ambao ni ndugu wa Wangoni wetu wa Songea, waliotengana nao baada ya kifo cha kiongozi wao Zwangendaba huko Ufipa. Kwa kuwa lugha ya Wangoni wa wakati ule ilikuwa jirani sana na Kixhosa, Koyi aliketi na kuzungumza nao bila mkalimani, jambo ambalo Waskoti waliomtuma hawakuliweza. Alifariki huko mwaka 1886, na Wangoni wa kwanza wakabatizwa mwaka 1890. Mwafrika huyu aliyevuka mipaka mingi kuliko mtakayovuka ninyi alikaa miaka 10 katika nchi ya watu, akazikwa humo, na hakumwona hata Mngoni mmoja akiingia majini. Mimi siwezi kumsoma mtu huyo kisha nikapanga siku 10 za mkutano nikatarajia kurudi na hesabu ya waongofu.

Lakini habari haikuishia kaburini. Mmoja wa wale waliobatizwa mwaka 1890, Mawelera Tembo, akawa mtunzi wa nyimbo. Miaka michache baadaye akaja Donald Fraser, Mskoti aliyeona jambo ambalo wamisionari wengi wa zama zake hawakuliona, kwamba Wangoni walikuwa tayari na hazina ya nyimbo za vita na za arusi zenye lahani nzito, nzuri, zinazoimbwa kwa sauti nyingi. Akawahimiza waumini watunge maneno ya injili kwa lahani hizo, akaandaa hata mashindano ya utunzi. Mwaka 1898 watu walikusanyika kwa maelfu Ekwendeni kwa ajili ya sakramenti, na katika miaka hiyo nyimbo za Wangoni wenyewe zilienea kutoka kijiji hadi kijiji, zikaingia katika kitabu cha nyimbo cha kanisa hilo, na bado zinaimbwa. Wimbo alioutunga mwenyeji kwa lahani ya bibi yake haukuhitaji mmisionari wa kuubeba. Uliimbwa shambani na kisimani, na kwenye msiba wa jirani asiyewahi kuingia kanisani.

Basi hilo ndilo jibu langu kwa wazee wa pande zote mbili. Kwaya ngeni inaweza kukusanya watu jioni moja, na hilo si dogo, kwa maana mwinjilisti aliyekuwa akihubiria watu 7 chini ya mwembe anaweza kuonwa na kijiji kizima akiwa na ndugu zake, asidhaniwe tena kuwa ni mtu aliyepotea njia. Kusanyiko lenyewe, hata hivyo, huanza kusimama pale wenyeji wanapoimba wimbo ambao ninyi hamkuwafundisha.

Sasa neno ambalo huenda mwinjilisti wenu hatalipenda. Karonga si mahali ambapo jina la Kristo halijatajwa. Kanisa la Presbiteri la Livingstonia liko kaskazini mwa Malawi kwa zaidi ya miaka 100, na wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa kusini mwa Tanganyika kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza, watu wa Livingstonia ndio waliokuja kuziangalia sharika za Wamoravian huko Rungwe. Wazee wenu wa imani walilishwa na hao. Paulo anawaambia Warumi, katika sura ya 15, kwamba alijitahidi asihubiri pale ambapo Kristo amekwisha kutajwa, asije akajenga juu ya msingi wa mtu mwingine. Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, mwandikieni mwinjilisti mumwulize: anawaendea watu gani hasa? Amekwisha kuketi na wachungaji waliomtangulia wilayani? Kuna vijiji visivyo na ibada yoyote, kuna wavuvi wanaohamahama, kuna watu walioacha kanisa zamani na hakuna anayewafuata. Akiwa miongoni mwa hao, nendeni kwa moyo wote. Lakini ikiwa nia ni kuwavuta waumini wa jirani kwa spika kubwa, afadhali fedha ikanunue bati, tena bati la shule.

Ikiwa majibu yake ni mazuri, ninashauri mambo yafuatayo, nikijua kwamba baadhi yatawauma. Waimbaji 38 ni wengi mno. Kijiji kinachowapokea kitawalisha, kwa maana desturi haimruhusu mwenyeji kumwacha mgeni alale na njaa, na kwa siku 10 mtakuwa mmemaliza akiba ya unga ya watu mliokwenda kuwabariki. Chagueni 12 wanaoweza kuimba sauti zote nne bila kinanda, na kati yao wawe watu wanne wanaojua Kinyakyusa vizuri, kwa sababu Kinyakyusa na Kingonde cha Karonga ni lugha moja kwa namna ya kusema, na mzee wa Karonga atausikia wimbo wenu wa Kinyakyusa kuliko ule wa Kiswahili mlioshinda nao tamasha. Wawili watangulie wiki mbili kabla, wakae na mwinjilisti, watembee naye kwa miguu, wajue majina ya watu.

Kuhusu vyombo, nitasema jambo lililonipata. Nilipokuwa bado naimba sauti ya pili, kwaya yetu ilivuka mpaka kwenda kusaidia kusanyiko changa, tukabeba spika, mashine ya kuchanganya sauti na jenereta, na siku ya kuondoka tukaviacha kama zawadi, tukipigiwa vigelegele. Niliporudi baada ya miaka miwili nilivikuta vimefungiwa katika chumba cha kiongozi mmoja. Mafuta ya jenereta hayakuwa na mnunuzi, na wale akina mama waliokuwa wakiimba kwa makofi na kigoma kimoja kabla hatujafika walikuwa wameacha kuimba, kwa sababu walikwisha kuonyeshwa kwamba uimbaji wa kweli ni ule wa vyombo. Kosa lilikuwa letu sote, na mimi nilikuwa mmoja wao. Tangu siku hiyo ninasema: pelekeni kipaza sauti kimoja cha kuwasaidia wazee wasikie neno, nanyi mwimbe kwa vinywa.

Mchana usiachwe ukapita bure mkisubiri jioni. Saa za asubuhi ketini na waimbaji wa kijiji, wawe Wakristo au wasiwe, muwaombe wawafundishe nyimbo zao. Ulizeni wimbo huu huimbwa lini na nani, na kama kuna lahani ambayo wao wenyewe wasingependa kuisikia katika ibada kwa sababu ya mambo inayokumbusha. Jibu la hilo ni la wenyeji, si lenu. Kisha someni pamoja habari moja ya Injili, isimuliwe na mwenyeji kwa maneno yake mara mbili au tatu, na mwacheni mama mmoja aanzishe mstari na wengine waitikie. Mkirudi Mbeya mkiwa mmeacha nyimbo tatu za namna hiyo, safari imelipa. Jioni, mwinjilisti ndiye ahubiri na ndiye aandike majina ya wanaotaka kuzungumza zaidi, kwa maana mtu aliyeguswa moyo na mgeni, kisha mgeni akapanda basi, huachwa mpweke kuliko alivyokuwa.

Mwezi wa nane ni wakati mzuri, kwa kuwa mavuno ya mahindi yamekwisha na mvua ziko mbali. Mpakani Kasumulu fikeni na orodha ya vyombo vyote pamoja na namba zake, igongwe muhuri na forodha kabla hamjavuka, ili msije mkaulizwa wakati wa kurudi kana kwamba mmevinunua nje. Nauli ya wale 26 wanaobaki nyumbani apelekewe mwinjilisti anunue baiskeli yake. Hapo ndipo wazee wenu wa pande zote mbili watakuwa wamesikilizwa.

Nyimbo zetu kwa Kilingala

*Mwalimu, amani ya Bwana. Sisi ni kwaya ya vijana Bujumbura. Tunashirikiana na kusanyiko jipya katika mojawapo ya vitongoji vya Kinshasa, na mwaka huu tutawatembelea. Rafiki yetu ametutafsiria nyimbo zetu 9 za Kiswahili kwa Kilingala, maneno yanaingia vizuri kabisa katika lahani zetu. Kuna jambo lingine la kuangalia?*

Lipo, nalo ni kubwa. Ninyi Warundi mmezaliwa katika lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana, kwa hiyo mtanielewa upesi kuliko Mswahili wa pwani, ambaye lugha yake ni miongoni mwa zile chache za Kibantu zilizopoteza jambo hilo na kubaki na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kilingala hakikupoteza. Chukueni neno linaloandikwa *moto*. Silabi zote mbili zikiwa chini, ni mtu. Ya kwanza ikipanda, ni moto unaowaka, kama wetu. Ya pili ikipanda, ni kichwa. Sasa fikirini lahani yenu iliyotungwa kwa Kiswahili inapanda mwishoni mwa mstari, na hapo rafiki yenu ameweka mtu wa Mungu. Msikilizaji wa Kinshasa atatambua mlichokusudia kwa sababu ya maneno mengine, kwa maana watu ni waungwana na hujitahidi kuelewa, lakini sikio lake litakuwa limesikia kichwa. Wimbo wa namna hiyo huheshimiwa, lakini ni nadra kupendwa. Hili ndilo tatizo lililozisumbua tenzi nyingi za Ulaya zilipotafsiriwa katika lugha za Afrika zenye sauti za maana, na inasikitisha kwamba sasa Waafrika tunatendeana sisi kwa sisi.

Kuna na suala la Kilingala gani. Kile cha Biblia na cha vitabu vya ibada, ambacho watu hukiita cha Makanza, kina upatanisho wa ngeli uliotunzwa. Kile cha mitaa ya Kinshasa kimelegeza ngeli na kuchanganya Kifaransa. Rafiki yenu alitumia kipi, na kusanyiko lenu linaimba kwa kipi? Waulizeni wao.

Ushauri wangu ni kwamba kati ya nyimbo 9 mchague mbili tu, mzipeleke kwa Wakinshasa miezi kadhaa kabla kwa sauti iliyorekodiwa kwenye simu, na muwaruhusu waibadilishe lahani pale inapogombana na neno, hata kama utunzi ni wa mwalimu wenu na ataumia. Nyimbo nyingine ziimbeni kwa Kirundi na Kiswahili, na mtu asimame aeleze maana yake kabla. Hakuna aibu katika hilo. Kisha tumieni sehemu kubwa ya ziara kujifunza kwao. Mji huo pamoja na Brazzaville ng'ambo ya mto ndio walezi wa rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiandikisha mwaka 2021 kuwa urithi wa wanadamu, na kijana wa kawaida wa kitongoji cha Kinshasa anajua gitaa kuliko mwalimu wa vyombo wa kwaya nyingi zetu. Mkiingia huko kama walimu mtakuwa mmewakosea heshima.

Kazi ya kuwasaidia waumini watunge kwa lugha na lahani zao ina wataalamu wake, wala si jambo la kubuni tu. Roberta King, mwanazuoni wa muziki aliyefundisha Chuo Kikuu cha Daystar, Nairobi, alilichunguza kwa miaka mingi miongoni mwa Wasenufo wa Côte d'Ivoire, ambao ibada zao zilichangamka pale nyimbo zilipotungwa kwa lugha yao na kusindikizwa na balafoni, ile marimba yao ya mbao. Mwalimu wenu wa kwaya akipata nafasi ya kusoma maandishi yake, asiiache.

Kuimbia majirani Muscat

*Shikamoo Mwalimu. Ninafanya kazi Muscat, Oman, na tuko Waafrika Mashariki wachache tunaoabudu pamoja siku ya mapumziko. Hapa kuna wenyeji wengi wanaojua Kiswahili kwa sababu ya asili ya familia zao Zanzibar. Tumefikiri kufanya jioni za nyimbo za injili katika nyumba ya mmoja wetu na kuwaalika majirani bila kusema ni mkutano wa dini, ili kanisa la Kiswahili lianze. Unatushauri nini?*

Marahaba, mwanangu. Ninakushauri usifanye hivyo, na ninaomba uniamini kwamba silisemi kwa kukosa imani.

Oman imewapa Wakristo maeneo maalumu ya ibada kwa ardhi iliyotolewa na Sultani, Ruwi na Ghala hapo Muscat, na mengine Sohar na Salalah. Nje ya maeneo yaliyoruhusiwa ibada ya pamoja hairuhusiwi, hata nyumbani, na kuwashawishi watu hadharani wabadili dini kumekatazwa. Mkivunja sheria hiyo mtakaoumia wa kwanza ni wale kati yenu wasio na wa kuwatetea, mfanyakazi wa ndani ambaye kibali chake kiko mikononi mwa mwajiri, na baada yao ni kusanyiko zima la Waafrika, linaloweza kupoteza hata saa mlizopewa katika eneo la kanisa. Naye Mwomani atakayekuwa ameitika mwaliko wenu kwa wema anaweza kuingia katika fedheha ya ukoo bila kujua aliitiwa nini.

Na hata kama sheria ingeruhusu, ningekataa lile la kutosema. Paulo anawaandikia Wakorintho, katika waraka wa pili sura ya 4, kwamba wamekataa mambo ya aibu yaliyositirika wala hawaenendi kwa hila. Mtu anayealikwa kusikiliza muziki kisha akakuta mahubiri amefanyiwa hila. Hili ninawaambia pia wale wa Ulaya na wa nyumbani wanaoandika tamasha la utamaduni kwenye tangazo huku wakijua wazi kwamba katikati yake kuna wito wa kuokoka.

Unalo kanisa la kupanda hapo, binti yangu, nalo ni la hao wenzako wanaolia usiku kwa upweke. Wapo Wakenya, Waganda, Warundi na Watanzania Muscat ambao hawajawahi kuambiwa kuna ibada kwa lugha wanayoisikia. Ombeni uongozi wa kanisa huko Ruwi au Ghala nafasi ya saa moja ya Kiswahili, anzeni na pambio mnazozijua wote, na andikeni nyimbo zinazozungumzia maisha yenu ya hapo. Zaburi ya 137 inauliza tuimbeje wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni, na wale waliouliza walikuwa mateka waliopelekwa mbali na kwao. Kwa majirani wa Zanzibar, kuwa jirani mwema. Wakikuuliza juu ya imani yako, jibu kwa adabu na kwa ukweli, na usiende mbali kuliko swali lao.

Nyimbo za wengine

*Tunaruhusiwa kuimba nyimbo za kwaya nyingine nje ya nchi, kurekodi na kuweka intaneti? Kwaya ya Eldoret.*

Kuimba katika ibada hakuna atakayewakataza. Kurekodi na kusambaza ni jambo jingine: Kenya na Tanzania zote mbili zinalinda kazi ya mtunzi kwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake, na neno injili kwenye jalada halibadilishi hilo. Pateni ruhusa ya maandishi. Na wimbo uliotungwa na mama wa kijijini mliyemtembelea ni mali yake vilevile. Nimeona albamu nzima zimezinduliwa na wageni kwa lahani za watu ambao hawakutajwa hata jina. Nyimbo zao ziwarudie kwanza wao, na kama zitaleta fedha, fedha iwafuate.

Wanapiga makofi, kisha wanaondoka

*Bwana asifiwe Mwalimu. Tuko Ujerumani, kusanyiko dogo la Waswahili, wengi wetu kutoka Tanzania, Kenya na Kongo, na tunaabudu katika jengo tulilopewa na kanisa la Kiinjili la hapa, ambalo waumini wake ni wazee wachache. Tungependa kuona kanisa jipya la Wajerumani na wageni pamoja katika mtaa huu. Tumefanya matamasha manne. Wajerumani wanajaa, wanapiga makofi, wanatoa sadaka, wanatusifu kwa furaha yetu, kisha wanaondoka. Tunakosea wapi?*

Dada yangu, sioni kwamba mnakosea, ila mmewapa kazi ya kutazama, nao wameifanya vizuri. Mtu akiketi kwenye kiti na wewe ukasimama jukwaani umevaa kitenge, tayari mmegawana sehemu zenu, na makofi ndiyo malipo yake. Geuzeni mpango: acheni matamasha kwa mwaka mmoja, anzisheni kwaya ambayo nusu yake ni Wajerumani, na mazoezi yawe kila wiki, siku ile ile, saa ile ile, maana hao ni watu wa saa.

Mfano ninaoupenda unatoka Japani, nchi ambayo Wakristo ni takriban asilimia 1 tu. Filamu moja ya Kimarekani ya mwaka 1993 iliyoonyesha kwaya ya wanafunzi iliwafanya Wajapani wengi watamani kuimba nyimbo za injili za Wamarekani weusi, na kwaya za gospeli zikachipuka mijini, nyingi zikiwa na waimbaji ambao si Wakristo. Wamisionari na wachungaji fulani waliona mlango hapo. Badala ya kuwaimbia Wajapani waliwaimbisha, katika jengo la kanisa, wakawaeleza maana ya kila mstari kwa kuwa mwimbaji hawezi kuimba vizuri asichokielewa, na sala fupi ikafunga mazoezi. Hakuna aliyedanganywa, kila mmoja alijua anaimba nini na yuko wapi. Wengi walibaki waimbaji tu, wengine waliuliza maswali, na baadhi wakabatizwa baada ya miaka. Ninasema miaka, dada, ili msikate tamaa mwezi wa tatu.

Faida ya njia hiyo ni kwamba urafiki wa mazoezi hauna mgeni na mwenyeji. Mama wa Kijerumani mwenye umri wa miaka 70 anayesoma nota vizuri atamsaidia kijana wa Lubumbashi kusoma sauti ya besi, na kijana atamfundisha kuimba bila karatasi huku akitikisika, na hapo kila mmoja ana cha kutoa. Jihadharini tu na sifa ile ya furaha yetu. Inasemwa kwa nia njema, lakini inaweza kuwafunga mkawa watumbuizaji, mkaogopa kuimba wimbo wa huzuni mbele yao. Waimbieni na zile za msiba. Mjane wa mtaa huo huenda akakaa kwa ajili ya wimbo wa namna hiyo.

Na kuna daraja ambalo limeshajengwa, ninyi mkavuke tu. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, mchungaji Mlutheri wa Tanzania, alitunga *Mfurahini, Haleluya* kwa lahani ya Kitanzania. Mwaka 1969 Ulrich Leupold akaugeuza kwa Kijerumani, na leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Kanisa la Kiinjili la Ujerumani, namba 116. Wale wazee wachache mnaoazima jengo lao wamekuwa wakiuimba kila Pasaka, na huenda wengine hawajui kwamba mlio chini ya paa moja nao ndio wenye lugha yake. Mwombeni mchungaji wao Pasaka ijayo muuimbe pamoja, wao ubeti kwa Kijerumani na ninyi ubeti kwa Kiswahili, kiitikio kila mtu kwa lugha yake. Kisha, kabla watu hawajanyanyuka vitini, tangazeni siku na saa ya mazoezi.